Mlango wa Milioni Moja na Tatu

Benchi la pale kona halikununuliwa dukani. Lilitoka mikononi mwa Cheche, fundi wa kuchomelea, kwa chuma cha kitanda cha marehemu mama mkwe wake, na wenye midomo yao husema ndiyo maana kila anayelikalia hawezi kunyamaza. Limeegemea ukuta wa saluni ya Kitana, binti wa Cheche. Mbele yake Mama Buli huweka jiko lake la mkaa na buli la kahawa, na ukishakuwa na benchi, kahawa na ukuta wa kuegemea, wasemaji hawatafutwi. Upande wa kushoto hukaa Mwalimu Baki, mstaafu wa hesabu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hamalizi maneno wala sahani bila kutaja kilichobaki. Katikati hukaa Pini, fundi cherehani, ambaye pini zimezoea midomo yake kuliko busu la mkewe. Anafuata Mawimbi, mtengeneza redio, mtu anayeamini kwamba hata mvua ikinyesha, kuna watu wamekaa kikao. Nafasi ya mwisho ni ya Cheche mwenyewe. Asubuhi ile Cheche alikuja lakini hakukaa. Alikuja na grenda mkononi, ile mashine ya kukatia vyuma, na waya wake ukiburuzika nyuma kama mkia wa mnyama aliyechokozwa.

— Simameni, alisema.

Hakuna aliyesimama. Mwalimu Baki alisogea kidogo, akidhani ni suala la nafasi.

— Nimesema simameni. Nakata benchi langu.

Mama Buli alimuuliza kama atakata kabla ya kahawa au baada, maana kikombe chake kilikuwa kimeshamiminwa. Cheche akasema kahawa ya mahali hapa imegeuka sumu, ila kikombe alikipokea, akapiga funda moja, ikamuunguza ulimi, na hilo nalo likaingia kwenye hesabu ya hasira zake.

— Kabla sijakata, nataka mtu mmoja. Mmoja tu. Aliyemwita mwanangu tasa.

Kila mtu alijua habari yenyewe. Tangu jana mtaa mzima ulikuwa unaitafuna. Kitana alikuwa amechumbiwa na dereva wa lori la maji, kijana mwenye meno mazuri aliyekuwa akileta maji saluni hata siku ambazo matangi yamejaa pomoni. Posa ilishapokelewa. Kilichobaki ni nguo, na shangazi wa kijana, ndiye aliyemlea, alishapeleka kitambaa kwa Pini. Kisha jana, bila hodi wala haya, shangazi akatuma ujumbe: harusi isimame kwanza, binti aende hospitali akapimwe, arudi na karatasi ya daktari, kwa kuwa mtaa mzima unasema ni tasa.

Ujumbe ulimkuta Cheche anachomelea geti la mtu. Aliusikia akiwa amepandisha miwani yake nyeusi kichwani, akaushusha uso bila kuishusha miwani, na alipozinduka geti la watu lilikuwa na tundu la kupitisha kichwa cha mbuzi. Macho yalimkereketa usiku kucha. Mkewe akadhani ni moto wa mashine. Hakumkatalia.

— Nasubiri, alisema.

Mwalimu Baki akaweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

— Neno hilo nililitamka mimi, ndugu yangu. Lakini sikumtaja mtoto. Nilitaja namba.

— Namba gani?

— Hiyo hapo juu ya kichwa changu.

Wote wakageuka ukutani. Juu ya mlango wa saluni, kwa rangi nyekundu iliyochuruzika kidogo, palikuwa pameandikwa 1000003.

Namba zile zilipigwa na watu wa manispaa. Walipita na ndoo ya rangi kuhesabu milango, na kwa kuwa bosi wao alitaka mji uonekane mkubwa, hawakuanzia moja kama watu wenye akili zao. Walianzia milioni. Milioni moja na moja wakaipa stoo yao wenyewe. Milioni moja na mbili ikaangukia choo cha umma. Milioni moja na tatu, saluni ya Kitana. Basi Mwalimu Baki, ambaye tangu astaafu mikono inamwasha, akaiona namba kubwa imekaa peke yake bila kazi, akaanza kuigawanya. Aliigawa kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, akaendelea kwa chaki kwenye ukuta wa saluni mpaka Kitana akampa kitambaa afute mwenyewe.

— Haigawanyiki, alisema, na sauti yake ikapanda kwa furaha ambayo hakuweza kuificha hata mbele ya grenda. Haigawanyiki kwa chochote ila kwa moja na kwa yenyewe. Na namba ya namna hiyo, kwa Kiswahili cha hesabu, inaitwa namba tasa.

— Uliigawa kwa namba zote mpaka milioni? aliuliza Cheche.

— Hapana, mpaka elfu tu. Vigawanyo huja viwili viwili, kidogo na kikubwa. Ukifika elfu hujakiona kidogo, jua na kikubwa hakipo.

— Kama mtu na mkewe, alisema Mawimbi.

— Nyamaza wewe, alisema Cheche.

Alitaka kujua, kama ni hivyo, choo cha umma kikoje. Hakuuliza kwa kupenda hesabu. Aliuliza kama mtu anayeulizia jirani aliyepata mgao mkubwa zaidi. Mwalimu, ambaye hajawahi kuacha swali likae bila jibu, akasema milioni moja na mbili ni shufwa, inagawanyika kwa mbili, halafu ukijumlisha tarakimu zake unapata tatu, kwa hiyo inagawanyika kwa tatu pia, na kwa sita.

— Kwa hiyo choo kina watoto na wajukuu, alisema Cheche. Choo. Na mwanangu anayeamka alfajiri kusuka vichwa vya wake zenu ndiye tasa.

— Namba yake.

— Na nani aliliweka neno hilo kwenye hesabu? Maneno yote yaliisha? Hamkuona namba ngumu, namba kaidi, namba shupavu? Kitu kimekataa kukatwa vipande, ninyi mnakiita tasa?

Mwalimu akasema yeye alilikuta kitabuni. Cheche akasema basi kitabu hicho nacho kingekuwa na miguu angekikata leo. Mama Buli, akichochea mkaa, alisema kwa sauti ya mtu anayezungumza na jiko kwamba waliokaa kulichagua neno hilo hakukuwa na mwanamke kati yao, maana namba isiyokubali kugawanywa, wakiiona ni mwanamume, wangeiita mfalme. Mama Buli huwa hajibiwi, husikika tu.

Cheche akageuza hasira upande mwingine. Kama Mwalimu alisema namba, alisema, basi kati ya benchi hili na sikio la shangazi kuna mtu aliyelimeza neno namba. Nani?

Pini alikuwa anatazama kidole chake gumba.

— Pini.

— Bwana Cheche.

— Shangazi anashonewa wapi?

— Si unajua, ni kwangu.

— Ukamwambia nini?

Pini akaanza mbali. Akasema siku ile alikuwa anampima shangazi mikono, na shangazi ni mtu wa mikono minene, inataka pini nyingi, na pini zikiwa nyingi hazina pa kukaa isipokuwa mdomoni. Shangazi akaulizia habari za mtaani. Sasa mtu kama yule akiuliza, utanyamaza? Akamwambia ile ajabu ya Mwalimu, kwamba namba ya saluni ni tasa. Ndivyo alivyosema, herufi kwa herufi, na yuko tayari kurudia mbele ya yeyote.

— Rudia, alisema Cheche. Lakini na pini.

Pini akazitoa kwenye ukosi wa shati, akazipanga midomoni moja moja huku wote wakimtazama, kisha akasema sentensi yake. Kilichotoka kilikuwa hiki:

— Mmmwa saluni ni tasa.

“Namba ya” yote ilikuwa imebanwa na pini, na kilichopenya kilikuwa “wa”. Wa saluni ni tasa. Na wa saluni ni mmoja tu.

Cheche akaishika grenda kwa mikono miwili ingawa haikuwa na umeme. Alimwambia Pini maneno ambayo hayafai kuandikwa, mengine yakimhusu Pini na mengine yakihusu cherehani yake. Kisha akamwamuru avuke barabara sasa hivi, kwa kuwa shangazi alikuwa ng'ambo, ndani ya duka la Pini, anajaribu nguo, akamweleze ukweli. Bila pini.

Pini akavuka. Wakamtazama kupitia dirisha lake: mikono ikipanda, mikono ikishuka, kidole kikielekea ukutani kwenye namba. Shangazi alikuwa amesimama na mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado, hakutikisika. Wakati huo Mawimbi akaona pengo la kuingilia.

Alisema wenzake wanaliona jambo dogo na jambo si dogo. Manispaa wana watu wenye kompyuta. Walijua. Stoo yao wamejipa namba gani?

— Milioni moja na moja hugawanyika, alikiri Mwalimu. Mia moja na moja mara elfu tisa mia tisa na moja. Ilinichosha, lakini niliipata.

— Umeona? Wao wana uzao. Choo kina uzao. Wakafika kwa fundi mnyonge wakampiga tasa. Nawaambia wana ramani. Mlango wa tasa, biashara haikui. Biashara isipokua, kiwanja kinauzwa. Kiwanja kikiuzwa, nani ananunua?

— Nani? aliuliza Mama Buli.

— Ndio hao.

Akaendelea. Akasema namba kubwa ni kama masafa ya redio, zile zisizogawanyika hazina jirani, hazipokei wala hazirushi, na mwanamke akishinda chini ya masafa hayo mwili wake unazoea ukimya. Mwalimu akamwambia huo ni upuuzi mtupu, akataja na baki lake: ukitoa upuuzi, kinachobaki ni uongo. Mawimbi akasema mtu aliyegawanya ukuta wa watu kwa chaki hana haki ya kumwita mwenzake mpuuzi. Wakaanza kurushiana, na Cheche akawa anawasikia kwa mbali, kwani macho yake yalikuwa kwenye dirisha la Pini. Alikuwa anajiambia kwamba shangazi akicheka tu, akishika tumbo akacheka, mambo yamekwisha, na benchi atalisamehe.

Shangazi hakucheka. Pini alirudi amekunja shingo.

— Anasemaje?

— Anasema amenielewa. Kwamba ni namba.

— Basi?

— Anasema hata kama ni namba. Mtu hawezi kupita kwenye mlango wa tasa asubuhi na jioni asiambukizwe. Anasema lisemwalo na wengi yeye hatalivalia nguo mpya. Ama binti akapimwe, ama namba iondoke.

Cheche aliketi. Hakukusudia. Akaketi kwenye benchi alilokuja kulikata, na mara ya kwanza asubuhi ile akaonekana mzee. Akilini alimwona mwanae amekaa kwenye benchi jingine, la hospitali, ameshika namba nyingine ya kusubiria, na wanawake wanaomjua wakimsalimu kwa huruma. Akaona heri rangi kuliko hospitali.

— Inaondokaje? aliuliza kwa sauti ndogo.

Mawimbi ndiye aliyepata njia, na ilikuwa rahisi mpaka ikawaudhi. Ile tatu ya mwisho, alisema, iko wazi upande mmoja. Uizibe kushoto kwa vipinde viwili, inakuwa nane. Manispaa hawatajua, manispaa hawarudi. Mwalimu Baki alijikaza asiseme, hakuweza: milioni moja na nane ni namba ya kupendeza, inagawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, kwa sita, kwa nane, kwa tisa, kwa kumi na mbili.

— Kwa hiyo ina watoto, alisema Pini, mwenye hamu ya kusamehewa.

— Ina ukoo, alisema Mwalimu.

Pini akakimbia dukani kwake, akarudi na kopo la rangi nyekundu na brashi iliyobaki alipopaka kibao chake. Wakamsogezea Cheche kigoda cha Mama Buli. Akapanda. Hapo hasira ilikuwa imemtoka, au alidhani imemtoka. Mkono wake ulikuwa mtulivu, mkono wa fundi, na alishapima kwa jicho kipinde kianzie wapi. Chini walikuwa wanamwelekeza, juu kidogo, teremka, usiichafue hiyo sifuri. Walikuwa na furaha. Namba ilikuwa inaenda kuzaa.

Mlango ukafunguliwa.

Kitana alitoka na povu la shampuu mpaka viwikoni, taulo begani. Nyuma yake kulikuwa na mteja ameinamisha kichwa kwenye beseni, macho amefumba na masikio ameyafumbua. Ukuta wa saluni ni wa tofali moja. Kitana alikuwa amesikia yote, tangu “simameni”.

— Shikamooni, alisema.

— Marahaba, walijibu, kila mtu kwa wakati wake.

Alimtazama baba yake juu ya kigoda. Akatazama brashi. Cheche alitaka kusema kwamba ni kwa ajili yake, lakini akaishusha brashi, kwa sababu aliiona kama alivyoiona Kitana: baba mtu, aliyekuja na mashine kumtafuta aliyemwita mwanae tasa, amepanda juu kumrekebisha mwanae.

— Mwalimu, alisema Kitana. Samahani, nina swali moja tu, halafu nirudi kwa mteja, atapata baridi. Huyo mwanaume, yeye mlimgawa kwa ngapi?

Mlango wa kwao kijana una namba, wote wanajua una namba, rangi ni ile ile. Pini amepita pale kupeleka nguo mara kibao. Mawimbi ameshakaa barazani kwao akitengeneza redio ya shangazi kutwa nzima. Hakuna aliyewahi kuinua macho. Mwalimu, aliyeweza kukuambia ukoo wa choo cha umma, alijipapasa mifukoni kama mtu aliyesahau chaki, na chaki alikuwa nayo mkononi. Mama Buli ndiye pekee aliyetoa sauti, na haikuwa jibu. Alicheka, kicheko kifupi cha puani, akafunika mdomo kwa upande wa khanga.

Ng'ambo ya barabara shangazi alikuwa amesogea mpaka dirishani na mkono wake mmoja wa nguo. Swali lilikuwa limevuka hadi kule. Naye akatazama pembeni.

Kitana hakusubiri sana. Akanyoosha mkono, povu likidondoka, na Cheche akampa brashi bila kuambiwa. Akaichovya. Alikuwa mrefu kama mama yake, hakuhitaji kigoda. Akapita juu ya ile tatu, palepale ilipokuwa, taratibu, kama anayesuka njia ya kwanza kichwani, mpaka ikawa nene na nyekundu kuliko sifuri zote.

— Pini, alisema akirudisha brashi kwenye kopo. Mwambie shangazi mkono uliobaki aumalizie kwa fundi mwingine. Au auache hivyo hivyo. Mimi nguo yake haitaniona.

— Na kijana? aliuliza Pini.

— Kijana ana mdomo. Meno yote yale.

Akaingia, mlango ukafungwa, na maji yakasikika yakimiminwa.

Cheche alishuka kwenye kigoda. Hasira ilikuwa imerudi, lakini sasa ilikuwa imetulia, na ilikuwa inajua njia. Aliwauliza mmoja mmoja, kwa upole uliowatisha kuliko makelele. Mwalimu, kwa ngapi? Mwalimu akatazama viatu vyake. Mawimbi, wewe mwenye ramani? Mawimbi akasema inabidi achunguze. Pini hakuulizwa, alishajaza pini mdomoni.

— Nawapa muda wa kahawa, alisema Cheche. Mpaka buli liishe. Mtu akipata jibu, benchi linabaki.

Kijiwe hakijawahi kunywa polepole vile. Walilamba kahawa badala ya kuinywa. Mwalimu aliandika kitu kwenye kiganja, akakifuta kwa mate. Mama Buli akawajazia mara ya mwisho, akaliinamisha buli, yakatoka mashapo meusi matupu, akaligonga kwa kijiko mara mbili wasikie lilivyo tupu.

Cheche alikuwa tayari ameingiza waya kwenye soketi ya saluni, kupitia dirishani. Mtu fulani ndani alikuwa amempokelea kichwa cha waya na kukichomeka, na mkono wake ulikuwa na povu.

Wakasimama, mmoja mmoja, vikombe mkononi. Cheche akashusha miwani yake nyeusi usoni. Mwalimu Baki, ambaye hawezi kuondoka bila kuulizia kilichobaki, alirudi hatua moja.

— Unalikata lote, ndugu yangu?

— Silikati, alisema Cheche. Naligawa.